Breki Iliyogoma Kuachia



Kuna swali moja ambalo vijana hawaniulizi mbele za watu. Wanasubiri Misa iishe, watu watawanyike, halafu mmoja anakuja pembeni, anaanza na habari za mvua au za mpira, kisha ndipo analitoa: "Kaka, niliungama. Padre akaniondolea. Mbona bado najisikia vilevile?" Wengine wameungama dhambi ileile mara tatu, mara tano, kwa mapadre tofauti, na wala hawajairudia tangu siku ile ya kwanza. Jumapili wanakaa benchi la nyuma. Muda wa Komunyo ukifika, wanainama wanajifanya wanasali mpaka foleni iishe.

Mimi si padre wala sijasoma teolojia. Ni fundi wa magari, nafanyia kazi Karatu, na nyumbani ni Oloipiri. Kwa hiyo nitajibu kwa kitu ninachokijua kwa mikono yangu, na wale ambao hamjawahi kushika spana mnivumilie kidogo.

Wakati wa masika nilikuwa nyumbani likizo. Kuna mzee wetu mmoja, katekista, ana Hilux ya zamani sana, dizeli, rangi imeshakuwa ya vumbi. Gari hilo pale kijijini ndilo kila kitu: linapeleka watu kigangoni, linabeba mahindi, na usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu ndilo linalomwahisha hospitali ya Wasso. Mzee akaniita. "Ero," akasema, "gari hili limezeeka kama mimi. Halina nguvu. Linakula mafuta kama ng'ombe aliyetoka kwenye ukame." Walikuwa wameshambadilishia chujio la dizeli, wakamsafishia nozeli, na mtu mwingine akamwambia klachi imekwisha, anunue nyingine. Hela imekwenda, gari bado zito.

Kabla sijafungua boneti nilimwomba kitu kimoja tu. Pale uani kwake pana mteremko kidogo. Nikamwambia, mzee, weka gia huru, achia handbreki, tuone. Akaachia. Gari limesimama kama limepandwa. Gari zima lenye breki zilizoachia, kwenye mteremko ule, lingeanza kutembea lenyewe.

Basi injini haikuwa na kosa. Injini ile maskini ilikuwa inavuta gari lililofungwa breki, siku zote, kutoka Oloipiri mpaka Wasso na kurudi.

Vijana wenzangu, hapa ningependa tukae kidogo. Ni wangapi kati yetu tumeshabadilisha chujio? Unajisikia mzito katika sala, unaamua kuanza novena. Haikusaidii, unahamia kwaya nyingine. Unakwenda hija, unanunua rozari mpya, unaweka nadhiri ya kufunga siku arobaini. Vyote ni vitu vizuri, sivisemi vibaya. Lakini kama tatizo liko gurudumu la nyuma, hata ukiweka injini mpya utakwenda mwendo uleule, tena utaunguza mafuta mengi zaidi.

Hatua ya pili tuliendesha kama kilomita tano, taratibu, bila kugusa breki isipokuwa ilipobidi. Tukarudi, nikachukua ndoo ya maji. Dramu yenye moto usiiguse kwa mkono, itakuchuna ngozi. Nikachovya vidole, nikarusha matone. Magurudumu ya mbele maji yakatiririka tu. Nyuma kulia yakakauka polepole. Nyuma kushoto yakalia chwiii! yakapotea, na ile harufu ya kitu kinachoungua tukaisikia wote.

Angalieni, mpaka hapo sijafungua nati hata moja, na tayari gari limeshasema lenyewe pale linapoumwa. Hivyo ndivyo ninavyoelewa kutafuta dhamiri. Mtu akiniambia "mimi ni mwovu tu, kaka, niko hivyo", hajaniambia kitu. Ni sawa na kuniambia "gari bovu". Zunguka magurudumu yote manne. Nyumbani kwako ukoje? Na fedha? Na mwili wako? Na yule usiyemsalimia? Moja litalia chwiii.

Tukaziba magurudumu ya mbele kwa mawe, tukapandisha nyuma kwa jeki, tukaweka gogo chini ya eksele. (Jeki peke yake usiiamini, hata kama ni mpya. Nimeshaona.) Gurudumu la kulia likazunguka kwa kukwaruza. La kushoto tulilishika watu wawili, halikusogea.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jibu la swali lenu.

Kwenye gari kama lile, breki shuu za nyuma zinaweza kusukumwa kwa njia mbili. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukumwa kutoka masta silinda, yanapita kwenye mabomba na mpira, yanafika wili silinda, nayo inazitanua shuu mpaka zinabana dramu. Ukivuta handbreki, kebo inavuta mkono mdogo ulioko humo humo ndani ya dramu, na shuu zilezile zinatanuka. Njia mbili, shuu zilezile. Ukiachia, springi zinazirudisha. Gurudumu likikamata, fundi anatakiwa ajue: limekamatwa na presha ya mafuta iliyogoma kurudi, au limekamatwa na chuma?

Kipimo chake ni rahisi. Nyuma ya gurudumu kuna niplo ndogo ya kutolea hewa. Unaifungua kidogo. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia palepale, basi presha ndiyo iliyokuwa inashika. Utakwenda kuangalia masta silinda, au ule mpira, ambao mara nyingi kwa nje unaonekana mzima kabisa ila kwa ndani umevimba: unapitisha mafuta kwenda, haurudishi.

Kuna watu ambao hali yao ni hiyo. Kuna jambo hujalisema. Limejaa ndani, linasukuma usiku na mchana, na Zaburi ya 32 inamweleza mtu huyo vizuri sana: alipokaa kimya mifupa yake ilichakaa, alipokiri akapata nafuu. Kama ni wewe, usisome zaidi. Nenda kaungame. Jumamosi hii. Niplo ikifunguliwa mara moja, gurudumu litazunguka.

Lakini ile Hilux nilipofungua niplo, mafuta yalidondoka polepole, meusi kama kahawa, na gurudumu halikuachia. Nikaifunga. Kijana wa mzee aliyekuwa ananishikia tochi akasema, "Fungua tena kaka, pengine haijatoka yote." Nikamwambia hapana. Presha haipo tena, tumeshaona. Tukizidi kuifungua tutamaliza mafuta kwenye kopo, hewa itaingia kwenye mabomba, na hata yale magurudumu mazima yatakosa breki.

Wewe unayeungama dhambi ileile kwa mara ya tano, hicho ndicho unachokifanya. Unafungua niplo ambayo presha yake ilishatoka siku ya kwanza.

Kanisa halitufundishi kwamba ondoleo ni la majaribio. Uliungama kwa ukweli, ukatubu, padre akatamka maneno yale kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu: dhambi imeondolewa. Na Katekisimu, namba 1459, inasema jambo ambalo laiti wote tungefundishwa tangu kipaimara: ondoleo linaondoa dhambi, ila halitengenezi palepale kila kilichovurugwa na dhambi hiyo. Mtu aliyeinuliwa kutoka dhambini bado anahitaji kupona. Kwa hiyo ule uzito unaobaki usiuchukue kuwa ushahidi kwamba Mungu hajakusamehe. Mara nyingi ni kutu.

Na msidhani ni ugonjwa wa watu wadogo kiimani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwaka 1522, aliungama dhambi za maisha yake yote kule Montserrat, Hispania. Aliziandika, na maungamo yale yalichukua siku tatu. Alipokwenda kukaa Manresa wasiwasi ukamshika: labda kuna kitu nilisahau, labda sikukisema vizuri. Akaungama tena na tena. Akasali kwa saa nyingi kila siku, akafunga wiki nzima bila kula, na bado. Ilifika mahali akajaribiwa kujitupa afe. Mtu ambaye baadaye angeanzisha Shirika la Yesu! Kilichomtoa humo ni kwamba alikuja kuona wazi wasiwasi ule unampeleka wapi, akaamua kutoungama tena mambo ya zamani. Akafunga niplo. Na baadaye, katika Mazoezi ya Kiroho, akaacha maelekezo kwa ajili ya watu wanaosumbuliwa hivyo hivyo.

Turudi kwenye gari, maana bado limekaa juu ya gogo.

Nililegeza kebo ya handbreki kule mbele. Hakuna kitu. Ikabidi kufungua dramu, nayo haikutaka kutoka kwa sababu shuu zilikuwa zimeing'ang'ania. Unaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma, unarudisha ajasta jino moja moja. Unagonga dramu kwa nyundo, kuizunguka, bila hasira. Dramu za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi: unaingiza boliti mbili za milimita 8, unakaza huku kidogo na huku kidogo, nayo inajisukuma yenyewe kutoka. Tulitumia zaidi ya saa. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi, tukalifuta kwa kitambaa kibichi. Usilipulize kamwe, shuu za zamani nyingine zina asbesto, inaua mapafu.

Kebo ilikuwa imekufa kwa kutu ndani ya ala yake, karibu kabisa na gurudumu, ndiyo maana kulegeza kule mbele hakukusaidia. Mkono wa handbreki umevutwa, haujarudi tena. Nikamuuliza mzee, hii handbreki unaivutaje? Akanyamaza kidogo. Akasema miaka ya nyuma gari lile liliwahi kujiachia lenyewe, likashuka uani ambako watoto walikuwa wanacheza, likasimama kwenye mti. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile anaivuta mpaka jino la mwisho, kwa mikono miwili, hata kwenye tambarare, hata gari likikaa wiki nzima kwenye mvua.

Sikumcheka. Hofu yake ilikuwa ya haki. Siku ile ya kwanza, kuvuta handbreki mpaka mwisho lilikuwa jambo la busara kabisa. Na kijana anayejilaumu kwa dhambi iliyosamehewa mara nyingi naye alianza vizuri: aliona ubaya alioufanya, akatetemeka. Kutetemeka kule kulikuwa neema. Mungu hakukupa dhamiri ili uitoe na kuitupa, kama ambavyo mimi siwezi kumruhusu mzee aendeshe gari lisilo na breki. Breki nzuri inashika, halafu inaachia.

Ila nilichomwonyesha mzee ndani ya dramu kilimtisha kuliko ile siku ya watoto. Shuu zilikuwa zimeungua, uso wake unang'aa kama kioo. Dramu ina mabaka ya bluu, dalili ya moto mkali. Springi zimelegea. Na yale mafuta meusi? Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzijoto 205 au zaidi. Yakishanyonya unyevu miaka kadhaa yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka: unakanyaga pedali inazama mpaka chini, gari halisimami. Mzee huwa anashuka na gari lile kwenda Mto wa Mbu kwa njia ya Engaresero. Wanaoijua ile njia, unapotoka Sale ukaanza kuteremka lile bonde la ufa, Ziwa Natron liko chini yako na Oldoinyo Lengai mbele, kona juu ya kona, wanajua hapo hakuna pa kukosea.

Yaani ile breki iliyogoma kuachia ndiyo ambayo siku moja ingegoma kushika.

Hili nimeliona kwa watu. Nina rafiki yangu, tulikuwa wote VIWAWA. Alikuwa mlevi, akaacha. Akaungama, tena nilimsindikiza mimi, na alitoka kanisani analia kwa furaha. Lakini hakujiachia. Kila Jumapili alisema hastahili, wiki ijayo labda. Aliungama tena. Akajifungia Komunyo kwa muda mrefu sana kwa sababu ya dhambi ambazo hazipo. Sote tulidhani anazidi kuwa mtakatifu, maana alikuwa mnyenyekevu kweli. Kumbe ndani alikuwa anaungua. Siku moja akasema, "Mimi ni wa motoni tu, sasa najizuia kwa ajili ya nini?" Jioni ile alirudi kilabuni. Kilichomwangusha siwezi kukiita ulegevu. Ni kujilaumu kusiko na mwisho kulikochemsha mafuta yote, hata siku alipohitaji kusimama hakukuwa na pedali.

Ndiyo maana ninaandika kwa haraka, na kama nimesema kwa ukali mahali fulani mnisamehe. Wasiwasi wa dhamiri si uchaji uliozidi kidogo. Unaangusha watu.

Someni Yohane 11. Lazaro ametoka kaburini, yu hai, Bwana mwenyewe amemwita. Na bado miguu na mikono imefungwa sanda. Yesu hakumwita mara ya pili, wala hakumrudisha kaburini ili atoke vizuri zaidi. Aliwageukia waliosimama pale akawaambia wamfungue wamwache aende. Kumfufua ni kazi ya Mungu peke yake, lakini vitambaa vile aliwaachia jirani zake. Lazaro mwenyewe angevifungua kwa mikono gani?

Kwa hiyo tafuta mikono. Chagua padre mmoja, acha kuzunguka parokia tatu. Mwambie mara moja tu: "Baba, nina wasiwasi wa dhamiri, naungama mambo yaliyokwisha." Atakuelewa, si wa kwanza. Akikwambia usiliungame tena jambo hilo na nenda kapokee, mtii, hata kama moyo unapiga kelele. Yohane katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anasema moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo wetu. Nenda kwenye foleni moyo ukiwa unalalamika hivyo hivyo. Na kama mawazo hayo yanajirudia kila saa, hulali, huli, unarudia sala moja mara hamsini kwa kuogopa umeikosea, kamwone na daktari. Upo ugonjwa wa namna hiyo na una tiba. Padre mwenye busara hatakasirika ukimwambia unakwenda hospitali pia.

Na ninyi wenye afya, mnaokaa karibu na watu hawa kwenye Jumuiya: acheni kuwaambia "wewe ondoa tu mawazo". Nimeshasema dramu ile ilichukua zaidi ya saa nzima, kugonga kidogo kidogo, watu wawili.

Hilux ya mzee ilipata shuu mpya pande zote mbili (usibadilishe upande mmoja, gari litavuta), kebo mpya, springi mpya, na mafuta ya breki tulimwaga yote tukaweka mapya, tukatoa hewa. Vifaa vilitoka Arusha na basi, tulisubiri siku tatu. Nikamwambia mzee, mvua ikinyesha na gari linakaa siku nyingi, usivute handbreki. Tia gia, weka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu. Akauliza, "Na jiwe litashika?" Nikamwambia tulijaribu pale penye mteremko. Tukajaribu. Lilishika. Alikaa akiliangalia lile jiwe kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Rafiki yangu tunaongea tena. Jumamosi iliyopita alikwenda kwa padre, mara moja, akasema la kilabuni na lile la wasiwasi. Jumapili alikaa benchi la tatu kutoka mbele, pembeni yangu. Foleni ilipoanza alisimama, akasita, akakaa. Sikumvuta. Jumapili hii nitampitia nyumbani mapema, twende wote. Jina lake Mungu analijua, mtusalie rozari moja kabla ya siku hiyo.